Kiu ya Mke Mwenza

...hata kama ukucha tu, hata kipande cha ukubwa wa punje, Kitinda angekipokea kwa mikono miwili, lakini paka alikuwa amechuchumaa vilevile ndani ya beseni la mchanga, mgongo umepinda, mkia unatetemeka, macho ameyaelekeza ukutani kama mtu aliyeingiliwa chooni, na hakuna kilichotoka, leo siku ya nne, saa nne asubuhi, na yeye, mwanamke mzima wa miaka hamsini na miwili, dobi anayeaminiwa na hoteli mbili na kliniki moja, ameketi kwenye sakafu ya bafu, gauni limelowa magotini, anasubiri choo cha paka, na chumba cha pili kaka yake mkubwa anafungua kitanda cha marehemu mama yao, nati moja baada ya nyingine, krii, krii, na wifi yake anakunja mapazia, na wote wawili wanaongea kwa sauti ile ya watu wanaohamisha vitu, ya kujichangamsha... "Kitinda! Spana ndogo iko wapi?"... iko kwenye droo ya jikoni, alisema, au alidhani amesema, maana Kaka aliuliza tena na yeye akajibu tena, droo ya jikoni, Kaka, chini ya vijiko, na macho hakuyaondoa kwenye ule mkia, ungeinuka kidogo tu angejua kinakuja, lakini haukuinuka, pole, alimwambia paka kimoyomoyo, pole Mke Mwenza, pole mwenzangu.

Mke Mwenza ndilo jina lake, alipewa na Mama enzi Baba yu hai, kwa sababu Baba akirudi kazini paka ndiye alikuwa wa kwanza kumlaki na wa kwanza kupanda mapajani, na Mama akisimama mlangoni na sahani mkononi anauliza, haya, leo zamu ya nani, yangu au ya mwenzangu, na Baba anacheka mpaka anakohoa, na majirani waliohamia karibuni walikuwa wakisikia kupitia dirishani, Mke Mwenza katapika tena kitandani, wanatazamana, wanaona hii nyumba ina mambo... Baba akafa, wakabaki wake wawili wakigombania kiti chake, kisha Mama naye, huu mwezi wa tano sasa tangu azikwe, akabaki paka peke yake, mzee wa miaka kumi na mitatu, na Kitinda, ambaye hakuolewa na mtu wala hakupendwa sana na paka, na asubuhi hii paka kala vijiko viwili vya kuku wa kusaga akavirudisha vyote sakafuni, sindano ya insulini imebaki kwenye friji, maana daktari wa wanyama amesema kwenye simu, hajala, usimchome, sukari itashuka mno azime kama taa, mlete kabla ya saa sita, akipata choo nipigie, asipopata itabidi tuzungumze... tuzungumze, daktari akisema tuzungumze mtu anajua yatakayozungumzwa, na gari la kumpeleka ni hili la Kaka, ambalo kwanza lazima lipakiwe kitanda... "Mbao zake bado nzima kabisa," anasema Kaka, "vitanda vya zamani bwana, hiki hata tembo analala," na wifi anasema, "Wewe na tembo sawasawa tu," wanacheka, na paka akatikisa sikio moja kwa kicheko kile, akajikaza tena, sauti ikamtoka, ndogo, nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta.

Ilianza na sisimizi... hapana, usianzie kwa paka, ilianza na sisimizi wa Mama, lakini akili ya Kitinda ilikataa kwenda huko, ilimvuta paka mbele kama pazia, sisimizi wa paka basi, miezi miwili baada ya mazishi, mstari mweusi kutoka dirishani hadi kwenye beseni, wanazunguka madonge ya mchanga uliolowa, madonge makubwa kama maandazi, na yeye dobi, mtu ambaye akinusa shuka anajua ni jasho la homa au jasho la kazi, anayetoa damu kwa maji baridi na mafuta kwa unga, anayejua kwamba mkojo wa kawaida ukikauka unabaki kama ramani nyepesi lakini mkojo wa sukari unaacha ukingo unaonata kidoleni, yeye huyo alitazama sisimizi akasema, paka huyu anakunywa maji mno, na alikunywa kweli, bakuli asubuhi, bakuli mchana, akalamba bomba, akalamba ndoo ya kufulia, na mchanga ukawa haumtoshi, akaanza kukojoa pembeni ya beseni, kisha kwenye zulia, kisha, siku ile, kwenye godoro la Mama, godoro ambalo Kitinda alikuwa hajaruhusu mtu aliguse, na alichukua kandambili akampiga, akampiga mara tatu, na paka hakukimbia, alijikokota, anakanyagia visigino kama bibi aliyevaa viatu vikubwa, na yeye akadhani ni ukaidi... kisha akalipunguza bakuli la maji. Aliliondoa jioni. Mkono wake ulijua kazi ile vizuri, hata haukumuuliza.

"Kitinda, mito hii unaitaka?" alisema wifi, na yeye, chukueni, Wifi, chukueni yote... mkono ulijua kazi ile, na daktari wa wanyama, binti mdogo tu, miwani imefungwa uzi upande mmoja, alimweka paka juu ya meza akamminya tumbo polepole akasema, humu kuna mawe, mama, choo kimekauka mpaka kimekuwa mawe, anakunywa vizuri? na Kitinda akasema, nilimpunguzia, alikuwa anakojoa kila mahali, na yule binti hakumgombeza, afadhali angemgombeza, alieleza tu huku anamshikashika paka masikio, sukari ikizidi mwili unaitupa nje kwa mkojo, na haitoki peke yake, inaondoka na maji, sasa ukimnyima maji ya kunywa mwili unayatafuta popote, unayanyonya hata kwenye choo, choo kinakuwa mawe, akienda kujisaidia anaumia, akiumia analichukia beseni, anakwenda kwingine, na hii miguu ya nyuma nayo ni sukari imeharibu mishipa, hawezi kuruka ukingo, kata beseni upande mmoja, na maji weka kila chumba, usimnyime hata tone, mama, kiu yake si ulafi, ni mwili unaomba msaada... umenielewa? Nimeelewa, alisema Kitinda, na alikuwa ameelewa, lakini si habari ya paka, alisimama pale mbele ya ile meza ya bati akielewa habari ya mtu mwingine kabisa, na binti akamwuliza kama anajisikia kizunguzungu, akamletea kiti, na kikombe cha maji, na yeye akakitazama kile kikombe asiweze kukigusa.

Krii, nati nyingine, Kaka anahema, amenenepa Kaka... jagi lilikuwa la plastiki, bluu, mfuniko umepasuka, na Mama alikuwa analimaliza kabla jua halijazama, na kila asubuhi shuka limelowa, sisimizi wamelizingira, na nailoni chini ya shuka, na gauni, na wakati mwingine godoro, na yeye Kitinda ametoka kufua mashuka arobaini ya hoteli, vidole vimechubuka kwa sabuni, anarudi nyumbani kufua mengine, akasema siku moja, akasema kwa sauti ambayo hata mteja mkorofi hakuwahi kuisikia, Mama unafanya makusudi, na Mama akatazama mikono yake mwenyewe, akasema, ingekuwa makusudi mwanangu ningechagua siku ambayo hujachoka, alijaribu mzaha, masikini, mpaka pale alijaribu mzaha, na Kitinda hakucheka, akalichukua lile jagi akaliweka juu ya kabati, saa kumi na moja jioni, umeshakunywa ya kutosha, mengine kesho... na jioni ya pili Mama akasema, nipe hata funda moja, ulimi umeganda, na yeye, kesho Mama, na jioni ya tatu, hata la kusukutua tu nitatema, na yeye, lala Mama, na jioni ya nne Mama hakuomba, akasema mwenyewe, leo sina kiu, na shuka likaamka kavu, na Kitinda, Mungu amsamehe, alifurahi, alilikunja lile shuka kavu akiimba, akadhani amegundua dawa, wiki nzima mashuka makavu, na Mama hapati choo, anakaa kwenye kiti chake cha kujisaidia anashika ukuta, anajikunja, anasema, haitoki, mwanangu, na Kitinda mlangoni na kikapu cha nguo, jitahidi Mama, nachelewa... jitahidi... halafu kutapika, halafu usingizi usioamka vizuri, halafu gari la wagonjwa, na karatasi ya hospitali iliyoandikwa sukari kupanda na maji kupungua mwilini, maneno mawili kwenye mstari mmoja, na Kaka alisoma la kwanza akasema, sukari hii, sukari inatumaliza, na yeye alisoma la pili akaikunja karatasi mara nne, kama leso.

Paka akageuka ndani ya beseni, akakwaruza mchanga, akachuchumaa upya upande wa pili, na Kitinda akajikuta anasema kwa sauti, jitahidi, halafu akauma ulimi, neno lile lile, mdomo ule ule, akasogeza bakuli la maji mpaka ukingo wa beseni, yako matano ndani ya nyumba hii sasa, mengine anajikwaa nayo mwenyewe, kila asubuhi anayajaza kama anamwagilia bustani, na sindano asubuhi na jioni, na dawa ya kulainisha ndani ya chakula, na kumkanda tumbo kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, wiki tatu, na watu wa kwenye foleni ya dobi wanasema, jamani huyu dada ana huruma, paka tu huyo, na hakuna aliyejua kwamba huyu si paka tu, huyu ni nafasi ya pili, akipona huyu, aliwahi kujiambia, akipata choo, akinenepa, akitembea vizuri, basi kule juu mtu ataona, ataandika chini, ameacha... "Wifi!" sauti ya wifi ilikuwa imebadilika, ya mshangao, "Wifi, huku chini ya godoro kuna kichupa, kwenye ule mpasuko wa upande wa ukutani, cha dawa ya kikohozi, lakini ndani ni maji... yananukia ile dawa, ila ni maji tu, kimebaki nusu, nimwage?"

Kitinda alikijua kichupa kile, kilikuwa na alama za vijiko pembeni, vijiko kumi na viwili kikijaa, alikinunua mwenyewe msimu wa vumbi, akakitafuta baadaye akidhani kimetupwa, na Mama, ambaye kutoka kitandani hadi bombani alihesabu hatua kwa kushika ukuta, alikwenda, mchana, yeye akiwa kazini anafua za watu, alikwenda na kukijaza na kukificha, akamficha binti yake maji kama mtoto anavyoficha sukari guru, na jioni akasema, leo sina kiu, ili binti asigombe, asilie, alale, na hakukimaliza, hili ndilo, hakukimaliza, kimebaki nusu, alikuwa anakunywa kwa vijiko, anaweka akiba, aliona siku zilizo mbele ni nyingi na maji ni haba, na kila alipolowesha ulimi alisikiliza kama kuna hatua mlangoni, hatua za nani, Kitinda, za nani... miezi hii mitano alijua amemnyima Mama maji, hilo alikwishalitambua, alilibeba, lakini alidhani Mama alikuwa amechanganyikiwa, hakuelewa, alikuwa mgonjwa tu aliyeacha kuomba, kumbe alielewa kila kitu, alimwogopa na akamhurumia, vyote kwa pamoja, ndani ya kichupa kimoja, na paka hawezi kulifuta hilo, paka hakuwa nafasi ya pili ya mtu yeyote, paka alikuwa na maumivu yake mwenyewe, tumbo lake mwenyewe, alipigwa kandambili akiwa mgonjwa, na sasa anakandwa na kuchomwa na kusubiriwa na mwanamke anayetaka kusamehewa, na paka hata kusamehe hajui ni nini, anataka tu mawe yamtoke au maumivu yaishe, na daktari akisema leo tuzungumze, Kitinda atazungumza, hatamng'ang'ania, ataomba amshike yeye mwenyewe kichwa, basi.

"Mama na vichupa vyake!" Kaka alikuwa anacheka, cheko la mtu anayekaribia kulia, hatua zake zikasogea koridoni, kivuli chake kikaziba ule mwanga chini ya mlango wa bafu, "alikuwa hataki kukusumbua uamke umpe maji, unaona, mpaka mwisho anakuonea huruma," na Kitinda akafungua mdomo, maneno yakawa tayari, Kaka, nilimnyima, maneno mawili tu, na aliyaona yakipita chini ya mlango na kumwingia yule mtu mnene mwenye spana mkononi, akayaona yakikaa ndani yake miaka yote, Mama mwenye kiu ndani ya Kaka pia, usiku na mchana, na haya yote ili yeye apumue kidogo... akaufunga mdomo. Paka alijikaza. Hakuna kilichotoka.

"Mimi nilikuwa mbali," alisema Kaka upande wa pili wa mlango, taratibu, kama anayesema jambo alilolipanga muda mrefu, "nilituma tu salamu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Kila ulichomfanyia Mama, Kitinda, kila kimoja, Mungu akulipe."

Kitinda akaweka kiganja juu ya mgongo wa paka, mifupa inahesabika, moyo unadunda haraka haraka chini ya manyoya, na akaitika, bila haraka, akiitaka ile dua yote kama ilivyotamkwa, bila kupunguziwa hata neno moja.

"Amina, Kaka."