Bwana Sanduku

Kwa miaka sita hapakuwa na wimbo uliosikika katika ukumbi wa mji wa Neiafu bila Sitaleki kuuruhusu. Mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta alikuwa yeye, na aliyejua neno la siri alikuwa yeye. Zile nyimbo elfu tatu na mia tisa, nyingi za bendi za vijiji vya kisiwa cha Vava'u, yeye ndiye aliyezitoa kwenye kaseti zilizoota ukungu na kuziingiza moja moja, akiandika kwa vidole viwili jina la mtunzi, kijiji na mwaka. Watu waliiita programu ile Sanduku, kwa kukumbuka lile sanduku la santuri la kutia sarafu lililokuwa baa ya bandarini. Naye wakamwita Bwana Sanduku. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake, ingawa mtu akimwita hivyo alijifanya kununa.

Alichojivunia zaidi ni alama. Nyimbo za mapenzi zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na kila mmoja aliuandikia neno tapu, yaani mwiko, mahali pa kuandika aina ya muziki. Kisha orodha ya ukumbini akaipa sharti: kila wimbo wenye neno hilo, ruka. Ijumaa wanaume wakinywa kava, kile kinywaji cha mizizi, peke yao alifungua orodha nyingine, wakaimba mapenzi mpaka sauti zikakauka. Lakini ukumbi ukiwa na mchanganyiko wa watu, hapana. Kaka na dada hawakai chumba kimoja wimbo wa namna ile ukilia. Kaka mwenye adabu huinuka akatoka, na aibu inambakia aliyeupiga. Na Vava'u nani si kaka au dada wa mtu, ikiwa mabinamu nao wamo?

Basi mwezi ule umeme ukakatika, ukarudi, na Sanduku lilipowashwa kila wimbo ulikuwa na alama nyekundu pembeni: faili haipatikani. Sitaleki alihangaika wiki mbili. Akaziingiza nyimbo upya, zikaja mara mbili mbili. Akafuta zilizozidi, kumbe amefuta zenye majina na kubakiza zilizoandikwa "msanii hajulikani". Ukumbi ulikuwa umeezekwa upya baada ya kimbunga, siku ya kuufungua inakaribia, na muziki hakuna.

Ndipo alipofika Losaline kutoka Auckland. Alikuwa binamu ya Seini, mkewe Sitaleki, na alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja ukumbini kusaidia kufagia, akachungulia chumba cha kompyuta, akavuta kiti.

"Shemeji, hizi nyimbo hazijapotea," alisema. "Zimehama nyumba tu. Programu inabisha hodi kwenye diski E, zenyewe siku hizi zinakaa F. Kuna mtu alichomeka kitu hapa kabla ya hii diski, ndiyo ikapewa herufi nyingine."

"Nilishaangalia huko," alisema Sitaleki. Hakuwa ameangalia.

Losaline akairudishia diski herufi yake ya zamani. Akatafuta nakala ya akiba ambayo programu hujiwekea yenyewe, ya kabla umeme haujakatika, akairejesha. Robo saa haikutimia. Majina yote yakarudi, vijiji vikarudi, hata alama za tapu zikarudi, na bendi ya matarumbeta ikaanza kupiga ukumbini, mafundi juu ya paa wakashangilia.

Mzee Lopeti, mwenyekiti wa ukumbi, alisimama mlangoni, mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni. "Wiki mbili, Sitaleki," alisema. "Wiki mbili tumekaa kimya kama tumefiwa, kumbe herufi moja."

Watu wakacheka. Sitaleki naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini maneno yale hakuyasahau siku ile wala iliyofuata. Jumatatu mzee akatangaza kwamba siku ya ufunguzi Sanduku litashikwa na Losaline. Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia.

"Umeona mikono yake inavyokimbia kwenye kompyuta?" Seini alisema akimenya viazi vikuu. "Na hajivuni hata kidogo."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alijibu Sitaleki. "Haya, nimepona. Nipe chumvi."

"Una wivu wewe."

"Wivu wa nini, wa kubonyeza?"

Alikuwa nao, mwili mzima. Alimwonea wivu kwa mikono yake, kwa kicheko chake, kwa namna alivyokuja na sanduku moja la nguo na kuokota kwa robo saa kile yeye alichokijenga kwa miaka sita. Usiku alimsikia mkewe akisema "Losa wangu" kwenye simu, akageukia ukutani. Mtu akikupokonya mali utamshitaki. Akikupokonya sifa kwa wema utamshitaki wapi?

Alhamisi mchana, ufunguo ukiwa bado mikononi mwake, aliingia chumba cha kompyuta peke yake. Akazichagua nyimbo zote mia mbili na kumi na nne kwa pamoja, akafuta neno tapu, akahifadhi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Siku ya ufunguzi Sanduku lingechanganya nyimbo lenyewe, na mapema au baadaye wimbo mmoja ungelia mbele ya watu, na wangesema huyu wa Auckland amesahau adabu za kwao. Yeye mwenyewe alijua hatahusika. Dada yake, Fatai, alikuwa asafiri kwa meli ya Ijumaa kwenda Ha'apai. Binamu zake wa kike angewaepuka kwa kujikalia mlangoni. Alishafanya hesabu zote, na nisiseme uongo, alisikia raha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nguruwe walikuwa wameshafika mezani, lu ya nyama ya chumvi inanukia ndani ya majani yake, watu wamekaa kwenye mikeka mipya. Muziki ulikuwa mzuri, tena sauti imepimwa vizuri kuliko alivyoipima yeye, nalo likamuuma. Kisha mlangoni akaingia Fatai, akijipepea.

"Meli imeharibika mashine," aliwaambia wanawake wakimpisha. "Mungu hakutaka nikose nguruwe huyu."

Wakampeleka mbele, mahali pa heshima, maana katika ukoo wao hakuna mkubwa kuliko yeye. Sitaleki hajawahi kukaa kabla dada yake hajakaa, wala kupandisha sauti mbele yake. Alikuwa na nafasi ya kutoka. Lakini kutoka bila sababu, halafu wimbo ulie? Si wangejua? Akabaki.

Losaline akamjia na sahani. "Shemeji, umekaa mbali mno. Kula," alisema. Halafu akainama. "Hebu njoo unitazamie ile orodha kabla sijaiacha ijiendeshe. Wewe ndiye unayeijua. Mimi naogopa kukosea mbele ya hawa kina mama."

Angeweza kusema neno moja tu. Angesema, "Ngoja nitazame," akaingia, akarudisha alama, na mambo yakaisha. Alimtazama Losaline, akaona hata kuomba msaada alijua kuomba vizuri, na watu waliokaa karibu walikuwa wanatabasamu kwa ajili yake.

"Iko sawa," alisema. "Iache ijiendeshe."

Ukapigwa wimbo wa kanisani. Yakaja matarumbeta. Ukaja wimbo wa ngoma inayochezwa kwa kukaa, wanawake wakapunga mikono. Kila wimbo ulipoisha Sitaleki alibana meno. Kisha likaja gitaa peke yake, polepole, na sauti nyembamba ya mwanamume ikimwomba mpenzi wake asogee, alivue shada la maua shingoni mwake kwa meno.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume waliinuka mmoja mmoja, vichwa chini, wakapita kati ya mikeka kuelekea mlangoni. Waliokuwa na nyama mkononi waliiacha. Wanawake walitazama mapaja yao. Fatai alitazama mkeka, shingo imesimama, na Sitaleki aliiona ile shingo kabla hajageuka na kutoka pamoja na wenzake.

Nje, juani, wanaume hawakutazamana.

"Nani kaupiga?" mmoja aliuliza.

"Mtoto wa Auckland," alijibu mwingine. "Huko dada ni mtu yeyote tu."

Hayo ndiyo maneno Sitaleki aliyoyataka. Aliyasubiri yamfurahishe, yakamfurahisha kidogo tu.

Ndani muziki ulikuwa umekatwa. Walipoitwa kurudi walimkuta Losaline amekaa chini mbele ya Fatai na mzee Lopeti, si kwenye mkeka, kwenye saruji tupu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilishika kazi nisiyoijua vizuri. Mama zangu mnisamehe, na kaka zangu mnisamehe."

Fatai akamshika bega. "Inuka, mwanangu. Umekaa ugenini miaka mingi, na hukukusudia." Akamgeukia mzee. "Lakini Sanduku mrudishieni kaka yangu. Yeye anajua kutuheshimu."

Basi akarudishiwa, mbele ya watu wote, na watu wakasema ndiyo, Bwana Sanduku arudi kazini. Alilolitaka alilipata lote.

Losaline alimfuata chumba cha kompyuta kumpa ufunguo. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ya zile nyimbo mia mbili na kumi na nne, na pembeni ya kila mmoja, tarehe iliyobadilishwa: Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana. Tarehe ile ile kutoka juu mpaka chini.

"Alhamisi mchana nilikuwa na Seini tunasuka mkeka," alisema. Hakuwa na hasira, au aliificha. "Nitaziandikia upya neno tapu kabla sijatoka. Au utaandika mwenyewe?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme mbele ya dada yako, shemeji? Angekaa wapi na uso wake?"

Akaweka ufunguo mezani akatoka.

Sitaleki aliandika neno tapu, akahifadhi, akaacha muziki wa matarumbeta upigwe. Kupitia dirisha dogo aliuona ukumbi wote. Fatai alikuwa amemkalisha Losaline kando yake, anamchagulia nyama laini na kumtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, huku wanawake wakimshika mabega, wakimtania, wanamfuta machozi. Hapakuwa na mtu wa kumtania Sitaleki wala kumshika bega, kwani alikuwa amekosa nini? Akasimama pale dirishani akiona wivu kuliko siku zote. Kosa lilikuwa lake, na msamaha wake alikuwa analishwa mtu mwingine.