Mwalimu Anaumwa Wapi?

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa hoi. Huo ulikuwa mwezi wa tatu akimuuguza mama yake peke yake, na kila asubuhi wanafunzi sitini walimsubiri. Siku hiyo hata chaki ilimwia nzito, akaamua wacheze igizo la zahanati: yeye mgonjwa, wao madaktari.

"Unaumwa wapi?" msichana wa dawati la mbele alimuuliza kwa Kiingereza, kama kitabu kilivyoelekeza.

Jibu la kitabuni lilikuwa kichwa. Mwalimu akajibu kwa Kiingereza hichohicho, "Nimechoka."

Msichana alitazama kitabu, asiuone mstari huo. Akaunga maneno yake mwenyewe: "Tangu lini?"

"Tangu mama alipoanza kuugua."

Mikono ikainuka darasa zima. Anaumwa nini? Nani anampikia? Wewe unalala saa ngapi? Sarufi ilikwenda mrama, lakini hakuna aliyecheka, wala mwalimu hakumsahihisha mtu.

Kengele ilipolia, msichana alibaki amesimama.

"Mwalimu, 'pole' kwa Kiingereza ni nini?"

Mwalimu alifikiri sana, akakosa neno la kutosha.

"Sema hivyohivyo tu, mwanangu."

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa."