Makaburi Saba Nje ya Uzio

Mwalimu Faustina Kalinga aliviona vigingi vyekundu Jumatatu asubuhi, akienda kupalilia maharage. Vilitoka barabarani, vikapita mbele ya mahakama ya zamani, vikashuka kandokando ya uzio wa makaburi. Kijiko cha kuchimba mtaro wa bomba la maji kilikuwa kimeshaegeshwa chini ya mikaratusi.

Aliweka jembe begani, akamfuata injinia, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene. Huu mtaro unapita wapi?"

"Shikamoo, mama," alijibu Fred, injinia kutoka Mbeya. "Unapita nje ya uzio. Makaburi hatuyagusi kabisa."

"Marahaba. Nje ya uzio kuna makaburi saba."

Fred alitazama nyasi zilizofika magotini, kisha karatasi yake. "Ramani yangu haionyeshi."

"Yangu inaonyesha."

Kijiji kiko nusu saa kwa pikipiki kutoka Nyololo, na wageni hudhani makaburi yake ni ya Walutheri tu, maana inaonekana misalaba kumi na minne basi. Lakini zamani wafanyabiashara wenye asili ya pwani walikuwa na maduka mbele ya mahakama, na waliofariki walizikwa upande wa chini. Uzio ulipojengwa upya, mafundi walifuata mstari wa mikaratusi, wakawaacha nje. Mwaka 1996 Faustina, akifundisha jiografia darasa la sita, aliwatoa wanafunzi wakapima eneo lote kwa hatua. Ramani waliyoichora bado alikuwa nayo.

"Nakupa mpaka Jumatano saa sita," Fred alisema. "Nionyeshe hata jiwe moja."

Jioni ile Faustina alimpigia simu Bibie, muuza vitenge wa Mbeya mjini, ambaye babu yake, fundi cherehani, alizikwa pale.

"Mwalimu, una hakika yupo? Baba alitafuta, hakuona kitu."

"Yupo. Njoo, na uvae raba, kuna umande."

Jumatano walianzia kwenye kona ya mahakama. Hatua arobaini na mbili hadi kisimani, kisha kumi na tisa kuelekea bondeni.

"Hatua za nani?" Fred aliuliza.

"Za mtoto wa darasa la sita. Ndiyo maana natembea hivi."

Walifyeka. Jiwe la kwanza lilitokea hapohapo, limefunikwa na kuvu. Kufikia saa nne yalikuwa sita, yote kwenye mstari mmoja, na hakuna lililokuwa na jina.

La saba halikuonekana. Lilikuwa peke yake, na wanafunzi walilipima kutoka kwenye kengele ya kanisa. Faustina alihesabu mara mbili, akaishia kwenye udongo mtupu.

"Sita nimekubali, mama," Fred alisema kwa upole. "Nitasogeza mtaro mita tano. Hilo moja pengine watoto walikosea."

Bibie aliinamisha kichwa. Faustina alisimama akiitazama kengele iliyoning'inia kwenye nguzo zake za chuma, mpya kabisa. Ghafla akapiga kofi.

"Watoto hawakukosea! Kengele imehama! Kanisa lilipopanuliwa waliitoa kwenye mti."

Mti ulishakatwa, lakini kisiki kilikuwepo nyuma ya sakristia. Kutoka hapo hatua thelathini na moja ziliwapeleka mita nne hivi kutoka kwenye mstari wa mawe, palepale mtaro mpya ungepita. Bibie ndiye aliyejikwaa. Alipiga magoti, akafuta udongo kwa mkono, na herufi zilizochongwa kwa msumari zikatokea: SHAMSUDIN.

"Babu," alisema, na machozi yakamtoka. "Babu, tumekuja."

Fred alivua kofia ngumu. Alingoja mpaka Bibie akamaliza dua, halafu akaanza kung'oa vigingi yeye mwenyewe.

"Nipitishe wapi, mwalimu?"

"Nyuma ya mahakama. Kule kuna mwamba mmoja tu, na ni mdogo."

Ulikuwa mdogo kweli. Mtaro ulichelewa siku mbili, na Novemba maji yakatoka. Mwezi uliofuata wazee wa kanisa walitoa nguzo, Bibie akaleta waya, na uzio ukazungushwa kwenye makaburi yote ishirini na moja. Siku hiyo Bibie alikosa basi la kurudi Mbeya, akalala kwa mwalimu, wakala ugali na majani ya maboga.