Helmeti ya Lamont Pettiford

Kila Februari, theluji ikiwa bado imelala kwenye maegesho ya magari, makocha wa Nebraska nzima hukusanyika kwenye hoteli moja ya Omaha kufundishana futiboli ya Kimarekani, huu mchezo wetu wa helmeti na mabega. Sisi wa vyuoni tunapanda jukwaani. Wale wa sekondari wanakaa chini na kalamu zao na kutuibia kila kitu, na hakuna anayeona haya. Kwetu kocha asiyeiba zoezi la mwenzake ni mvivu tu.

Mimi nafundisha namna ya kumwangusha mwenye mpira. Miaka kumi na miwili nimetumia kipande kilekile cha filamu: wapinzani wana jaribio lao la mwisho, wamebakiza yadi moja tu wafunge, saa inaonyesha sekunde tisa. Mlinzi wangu wa katikati, Lamont Pettiford, anachomoka, anamkumba mbebaji mpira, anamrudisha alikotoka. Tukachukua ubingwa. Nikifika hapo ukumbi mzima hupiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" nami huirudisha filamu nyuma, mara tatu, mara nne, huku nikitabasamu kama bwana harusi.

Kijana yule hakupaswa kuwa uwanjani. Robo ya tatu alikuwa amegongwa kichwani, akaanguka kama gunia. Mtabibu wa timu, Marlys Engdahl, alimpima, akamwambia mchezo wake umekwisha, kisha akafanya wanachofanya watabibu wote wa mchezo huu: akamnyang'anya helmeti na kuificha. Mchezaji ana kichwa kigumu, lakini bila helmeti mwamuzi hamruhusu kuingia, basi. Marlys aliiweka nyuma ya pipa la maji, chini ya koti lake. Nilimwona. Robo ya nne mchezaji mwingine akavunjika mguu upande wa pili wa uwanja, Marlys akakimbilia huko, nami nikaenda kwenye lile pipa. Sitamsingizia shetani. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikarudi na helmeti, nikamvisha Lamont kwa mikono yangu na kumfunga kamba ya kidevu.

Baada ya mechi alianguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hakucheza tena. Kamati ya chuo iliponiuliza nilisema, "Si mnawajua vijana hawa na mioyo yao? Lazima aliichukua mwenyewe." Lamont hakukumbuka chochote cha siku ile, akakubali. Marlys akafukuzwa kwa kutoilinda helmeti. Mimi nikaongezewa mkataba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na yenye lami, na niliitembea nikipigiwa makofi.

Mwaka huu nilikuwa mezani na Dwight Oltmans, kocha wa sekondari mwenye mdomo kama redio, tunakula maharage yetu ya nyama na pilipili pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Mkono ukaniangukia begani.

"Nani kamruhusu huyu mzee kula pilipili? Mtamuua!"

Alikuwa Lamont. Sikuwa nimemwona miaka tisa. Alikuwa amenenepa, na alivaa miwani myeusi humo humo ukumbini, maana taa humuumiza kichwa mpaka leo.

"Jamani, ndiye yeye!" Oltmans akapaza sauti. "Mwizi wa helmeti! Ficheni vijiko!"

Meza nzima ikacheka. Lamont alicheka pia, kidogo, kisha akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Kocha, nimeanza kufundisha. Msaidizi tu, sekondari, mwaka wa pili."

"Nimesikia. Safi sana."

"Nina ombi. Ukishaonyesha ile filamu yako, nipe dakika tano."

"Za nini?"

"Nataka niungame." Alisema bila aibu yoyote. "Niwaambie hawa makocha wazifungie helmeti sandukuni kwa kufuli. Sisi tukishagongwa hatuna akili. Niangalie mimi. Nimejiharibu mwenyewe, halafu nikamponza mama wa watu. Namwandikia Marlys kila Krismasi, unajua? Namwomba radhi."

Nikauweka mkate sahanini. "Anakujibu?"

"Miaka yote hakuwahi. Mwaka huu ndiyo kajibu." Akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kasema kanisamehe zamani."

Nilisimama nikasema naenda chooni. Huko nilinawa uso, nikajitazama kwenye kioo, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye fulana ya chuo, na nilijichukia. Msamaha wangu ulikuwa umepelekwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Miaka kumi na miwili mtu huyu alikuwa akinibebea dhambi yangu, na alikuwa amesafiri kwa gari muda wa saa nne kwenye barafu kuja kuitangaza kuwa yake.

Nilipanda jukwaani. Nikaonyesha filamu. "Rudisha! Rudisha!" wakapiga kelele. Sikurudisha. Nikasema kuna mtu anataka kuzungumza, nikampa Lamont kipaza sauti, mimi nikabaki pembeni na cha pili mkononi.

"Naitwa Lamont, na mimi ni mwizi," alianza. Walicheka. Aliwasubiri wamalize. "Kuna mwanamke alikuwa ananilinda, nikamwibia, akafukuzwa kazi. Leo nikiingia dukani nasahau nilichotumwa. Naweka sufuria jikoni, naisahau mpaka moshi. Mke wangu aliwahi kuniuliza, kwa nini ulijifanyia hivi? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina."

Najua vizuri nilichokuwa nikiwaza, na nitakisema, maana ndicho kinachonitia aibu kuliko vyote. Nilikuwa nikiwaza: mwache amalize. Watampigia makofi, ataondoka mwepesi, Marlys kashasamehe, nani atafaidika nikiongea? Nilikaribia kujiona mwenye huruma. Lakini hilo neno, jibu, lilinichoma. Mtu alikuwa akilitafuta jibu kichwani mwake, na halikuwa humo. Lilikuwa kwangu.

"Hakuiba," nilisema. Sauti ilitoka kwenye spika zote. "Helmeti niliichukua mimi, nyuma ya pipa la maji. Nikamvisha mimi. Kamati niliidanganya mimi."

Oltmans alinitazama mdomo wazi. Nilingoja Lamont anitukane. Nilitamani anipige, ningesimama palepale nipigwe. Hakufanya hivyo. Alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaniuliza taratibu, kana kwamba tuko wawili tu.

"Nilikuomba?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Wachezaji wote huomba. Wanalia, wanakushika shati, kila kocha ukumbini amewahi kuombwa hivyo. Ningesema ndiyo, uliniomba, nikashindwa kukukatalia, na nusu ya ukumbi wangenionea huruma. Naye asingejua kamwe.

"Hapana," nikasema. "Ulikuwa umekaa kwenye benchi. Uliniuliza tuko mji gani."

Alitikisa kichwa polepole. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, nikasikia pumzi zake.

"Ukaniambia?"

"Nilikwambia inuka."