Gango la Binti Yangu

Binti yangu alipolalamika kuumwa mkono baada ya kujifungua, nilimwambia anadeka. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa, miguu juu ya stuli, nasubiri aniletee chai. Mimi nimebeba mifuko ya saruji miaka thelathini, nikaongeza, na sijawahi kumsumbua mtu kwa habari za gumba.

Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, nikajitolea kushinda na mjukuu. Kilo saba tu, kitu gani? Wiki ya tatu, gumba likaanza kuwaka moto, pale linapoungana na kifundo cha mkono. Kufungua chupa ya maziwa, shida. Kukamua nepi, naita marehemu mama. Lakini nikauchuna. Niliogopa binti akijua atampeleka mtoto kwa mlezi, na mimi bila yule mtoto mchana kutwa nabaki na redio.

Jumamosi binti alikuwepo. Nikamshika mjukuu makwapani, magumba juu, nikamwinua kama kawaida. Gumba likagoma. Mtoto akaniponyoka, akatua kitandani, akacheka. Mimi ndiye niliyetokwa machozi.

"Baba, lete huo mkono," binti akasema. "Kunja gumba, lifunike na vidole. Sasa inamisha ngumi upande wa kidole kidogo."

Nilipiga yowe hadi mtoto akaacha kucheka.

"Daktari alinipima hivyohivyo. Kano za gumba zimevimba, na njia yake hapo ni nyembamba, zinasuguana. Unapumzisha, unaweka barafu. Isipotulia, ndiyo sindano. Na mtoto humshiki makwapani. Kiganja kimoja chini ya makalio, kingine mgongoni."

Akafungua kabati, akatoa gango lake, lile la kitambaa lenye kibao cha kutuliza gumba. Lilikuwa na madoa ya maziwa.

"Ulilivaa muda gani?"

"Wiki sita."

Nikaona aibu, aibu hasa. "Nisamehe, mwanangu. Kumbe hukuwa unadeka."

"Jumatatu nakuachia mtoto wako," akasema, akinifunga mikanda. "Ila umbebe nilivyokuonyesha. Nikuletee chai?"

"Nitachemsha mwenyewe."

Nikaenda jikoni kwa mbwembwe zangu zote, nikajaza birika maji, nikalishika mpini. Halikuinuka. Wiki sita alikuwa akiniinulia birika hilohilo, mara mbili kwa siku.