Tumbawe la Zambarau

Dobi alikuwa na tangi la maji ya chumvi sebuleni, kubwa kuliko kabati la vyombo, na ndani yake matumbawe ya kila rangi isipokuwa zambarau. Hilo lilimnyima raha. Basi Jumapili moja alifunga vipande vitatu vya tumbawe lake la kijani kwenye mfuko wa maji, akamkokota wifi yake hadi ua wa nyuma wa duka la samaki wa mapambo, ambako wafugaji wa matumbawe hukutana kubadilishana.

Hawajapita hata meza tatu, akaliona. Zambarau! Zambarau ya kutia kizunguzungu. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa maneno matamu, wanamwita Profesa ingawa hakuna aliyejua alifundisha wapi.

"Dada yangu, hili limetoka kilindini kabisa," alisema Profesa. "Nipe hivyo vitatu, ulichukue."

Dobi akameza mate. Mkono ulikuwa umeshaanza kufungua mfuko, ndipo macho yakaangukia vidole vya Profesa. Kando ya kucha kulikuwa na zambarau ileile. Miaka ishirini ya kufua nguo za watu ilikuwa imemfundisha doa ni nini na rangi ya kuzaliwa ni nini. Moyo ukamshuka. Kisha utundu ukampanda.

"Zuri mno, kaka," alisema kwa upole. "Ila kwangu mgeni huoga kwanza. Wifi, niazimie beseni jeupe hapo dukani."

Profesa angekataaje? Kila mfugaji huogesha tumbawe geni kutoa wadudu. "Hili ni safi," alijitetea.

"Basi halitaogopa maji."

Akamimina maji ya chumvi, akalitumbukiza, kisha akaanza kumuulizia Profesa hali za watoto wake, mmoja mmoja, bila haraka. Walipofika kwa kitinda mimba, maji yalikuwa kama juisi ya zabibu.

"Linalia," alisema Profesa. "Safari imelichosha."

"Maskini! Wifi, hebu lifute machozi."

Wifi hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alichovya leso yake nyeupe, akaiinua juu watu wote waone. Ua mzima ukaangua kicheko, isipokuwa kinyozi, aliyekuwa amebadilishana na Profesa asubuhi ileile. Yeye alikimbilia beseni na mfuko wake, akaliogesha na lake, na muda si muda akawa anadai kipande alichompa Profesa. Nyuma yake foleni. Profesa alirudisha kimoja kimoja, jasho likimtiririka.

Profesa alipokuwa akifunga virago, Dobi alichungulia beseni. Tumbawe lilikuwa limepauka na kunyong'onyea, lakini bado lilitikisa minyiri yake.

"Hili niachie, maana utalipaka tena."

"Na mimi unanipa nini?"

"Dawa ya kutoa rangi kwenye kucha."

Profesa alitazama vidole vyake, akacheka bila kupenda. "Haya, itaje."

"Ndimu. Sugua sana."

Kwa wiki kadhaa Dobi alilitunza kwenye kona yenye mwanga hafifu, akalilisha kwa bomba la sindano kama kichanga. Likapata nguvu, likatoa rangi yake halisi: kahawia, kama chai iliyolala.

Wifi aliinamia kioo. "Purukushani zote zile kwa ajili ya hili?"

"Nyamaza, litakusikia," alisema Dobi, akiliongezea chakula.