Muuguzi Aliyefuta Asali

Kokushubira alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Nyanungu, wilayani Tarime, mzaliwa wa Bukoba, na usafi ulikuwa umemkaa mpaka kwenye mifupa. Watoto wasionawa mikono walimkwepa njiani. Hata mtini wake, mti wa tini uliokuwa uani, aliutunza kama mgonjwa wa wodini.

Asili ya mtini huo ilikuwa Tarime mjini, kwa Mzee Swaleh, fundi cherehani. Miaka mitatu nyuma, Kokushubira, akiwa bado kazini mjini, ndiye aliyemuuguza mke wa mzee huyo, Bi Rahima, mpaka siku yake ya mwisho. Arobaini ilipopita, mzee akamkatia tawi la mtini ambao marehemu aliupanda uani. Ulizaa tini za aina adimu, tamu kama asali, na mzee hakuwa amewahi kuziona kwa mtu mwingine yeyote. Baadaye mwenye nyumba akaung'oa mti ule ili ajenge vyumba vya maduka. Likabaki peke yake tawi ambalo Kokushubira alilipanda Nyanungu.

Sasa Mzee Swaleh alikuwa anahamia Tanga kwa mwanawe moja kwa moja, siku ya Jumamosi. Kwenye simu aliomba jambo moja tu.

"Binti yangu, nikionja hata tini moja kabla sijaondoka, nitashukuru."

Kwa alivyohesabu, mtini ulikuwa na tini nane, za kwanza kabisa. Jumatatu zilianza kulainika, na kwenye kitundu cha chini cha kila moja kikatokeza kitone kizito cha rangi ya dhahabu. Kokushubira akashtuka. Kazini kwake, kitu laini kinachotoa majimaji kwenye kitundu kina jina moja, nalo ni usaha. Akachemsha maji, akachukua pamba, akazipangusa zote. Jumanne vitone vikarudi, naye akapangusa tena, safari hii kwa bidii zaidi.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Alhamisi asubuhi tini zote nane zilikuwa zimepasuka, zinanuka kama pombe iliyolala, na inzi wamezivamia. Kokushubira akakaa chini kwenye tope na sare zake nyeupe, akalia.

"Daktari, kuna msiba?" Ilikuwa sauti ya Mzee Waitara, jirani yake mfugaji wa ng'ombe na nyuki, kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

Akamweleza. Mzee Waitara akakuna kidevu.

"Hiyo asali uliyokuwa unafuta ndiyo kizibo chake," akasema. "Nyuki wangu nao huziba nyufa za mzinga kwa gundi, maji yasipite. Ukishatoa kizibo, mvua inaingia, tunda linachacha."

"Kwani ulikuwa unaniona?"

"Siku zote mbili."

"Sasa mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye unatuchoma sindano hapa. Mimi nikajua ni dawa."

Kokushubira alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Hebu zunguka huku kwangu," mzee akasema.

Tawi moja lilikuwa limepenya minyaa na kutokeza upande wa zizi, na huko ilining'inia tini moja nzima, kitone chake kiking'aa. Ilikuwa imevalishwa kipande cha chandarua, ndege wasiidonoe. Kilikuwa chandarua cha mbu kilichogawiwa na zahanati, na mwezi uliopita tu Kokushubira alikuwa amemfokea mzee huyu kwa kukifanya banda la vifaranga.

"Usianze," Mzee Waitara akamuwahi.

"Sianzi, mzee. Asante. Asante sana, Mungu akubariki."

Ijumaa akaichuma na kupanda bodaboda hadi Tarime, bakuli lenye tini hiyo amelipakata kwa mikono miwili. Alimkuta Mzee Swaleh amekaa juu ya kitanda kisicho na godoro, cherehani ikiwa imeshafungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee aliipasua tini, akala nusu taratibu, macho ameyafumba. Kokushubira, kwa wasiwasi, akajikuta anaungama yote, tangu usaha hadi inzi.

"Pamba?" mzee akauliza. "Na maji ya moto?"

"Ya vuguvugu."

Mzee Swaleh akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Rahima naye! Mwaka wa kwanza alizifuta zote kwa ncha ya kanga. Hatukuonja hata moja, na akaninunia wiki nzima kana kwamba nimezifuta mimi!" Akajifuta machozi. "Miaka mitatu, mwanangu, nikimkumbuka namwona kitandani tu, amekonda. Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuninunia."

Kokushubira akamsogezea nusu iliyobaki.

"Subiri kwanza," mzee akasema. "Nisimulie tena. Anzia pale ulipochemsha maji."